Jinsi nilivyoondoa hewa nzito katika ukumbi wa maktaba

Ukumbi wa kusomea wa maktaba ya umma niliyokuwa nikiikarabati ulikuwa na madirisha makubwa upande mmoja tu, na kila alasiri, wasomaji walipojaa, hewa ilikuwa nzito kiasi cha kuwafanya wasinzie, ingawa madirisha yote yalikuwa wazi. Wengi walipendekeza feni. Lakini feni huzungusha tu hewa iliyomo, haiingizi hewa mpya.

Kwa kawaida, madirisha ya upande mmoja huhudumia chumba ambacho kina chake, yaani umbali kutoka madirishani hadi ukuta wa nyuma, hakizidi takriban mara 2.5 ya kimo cha dari, ilhali upepo unaopita kutoka ukuta hadi ukuta huweza kuhudumia hadi mara 5. Ukumbi huu ulikaribia mara 4. Nilipowasha kijiti cha udi kwenye meza za nyuma, moshi ulipanda wima, ukatanda chini ya dari na kubaki papo hapo.

Tulitoboa matundu marefu juu ya ukuta wa nyuma, yakielekea ua wa ndani ulio wazi. Hewa yenye joto, kwa kuwa ni nyepesi, sasa hutoka nje kupitia huko hata siku isiyo na upepo, na ya nje huvutwa kuingia kupitia madirishani. Moshi wa udi ulipojaribiwa tena, ulivutwa moja kwa moja kwenye matundu.

Kazi ngumu zaidi, kusema kweli, ilikuwa kelele za uani. Nilizipunguza kwa vibao vya mshazari vilivyofunikwa sufi ya kunyonya sauti, na kwa kuwa vibao hivyo hubana njia ya hewa, matundu yalipanuliwa ili kufidia.