Silinda Sita, Lita 3.8

Ukisoma karatasi peke yake, Porsche 911 GT3 ya mwaka 2010 na Nissan GT-R ya mwaka 2008 zinakaribiana. Silinda sita kwa silinda sita, lita 3.8 kwa lita 3.8. Mfanano unaishia hapo. GT3 imebeba injini nyuma ya ekseli ya nyuma, silinda zimelazwa tatu huku na tatu kule, haina tabo (feni ya kuisindilia injini hewa), inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na gia unaingiza mwenyewe kwa mkono na klachi. GT-R ina injini mbele, silinda zimepangwa kwa umbo la V, tabo ni mbili, magurudumu yote manne yanafanya kazi, na giaboksi yake yenye klachi mbili imepelekwa nyuma kabisa ili uzito ugawanyike. Ya kwanza ina kilo 1,395, ya pili kilo 1,740. Tofauti hiyo ni watu wazima wanne na mizigo yao.

Nilikuwa nimeweka akiba kwa muda mrefu, na akiba hiyo ilitosha gari moja lililokwishatumika. Nilikuwa nimeshafuta mengine yote, yakabaki haya. Wenye magari walikubali niyajaribu siku moja, kwenye uwanja mmoja wa mbio, wao wenyewe wakiwa wamekaa kiti cha pembeni. Nilimwomba kaka yangu aje. Kaka ni fundi wa injini, mtu anayesikiliza gari kabla ya kulitazama, na nilijua atakuja akiwa ameshachagua.

"Mdogo wangu," aliniambia tukiwa bado njiani, "GT-R ina kasi, sikatai. Lakini kasi hiyo ni ya kwake, si ya kwako."

"Kaka, ngoja nishike usukani kwanza."

Hakungoja. Alianza na injini ya GT3, ambayo yeye huiita kwa jina la mhandisi wake, Hans Mezger, kama wafanyavyo wote wanaoipenda. Kasha la krenki lina nasaba moja na lile la 911 GT1, gari la mbio lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1998. Konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenki, ni za titani. Oili haikai kwenye sampu chini ya injini, inakaa kwenye tangi lake pembeni, ili kona kali isije ikaisukuma upande mmoja na kuiacha pampu ikivuta hewa. Hayo yote ndiyo yanayoiruhusu injini ile kufika mizunguko 8,500 kwa dakika bila kulalamika. Nilikuwa nimeyasikia kwake mara nyingi, ila siku ile aliyasema akiwa ameinama mbele ya chombo chenyewe, na sauti yake ilikuwa nyingine.

Ukaguzi wake ulikuwa wa makini kuliko nilivyotarajia. Kwenye GT3 aliunganisha kifaa cha kusomea kompyuta ya injini. Porsche huhifadhi humo kumbukumbu za kila mara injini ilipozungushwa kupita kiwango, na huzigawa kwa madaraja. Daraja la chini ni dereva aliyechelewa kidogo kupanda gia, wala halimtishi fundi. La juu ni yule aliyekuwa akienda kasi, akakusudia gia ya nne, mkono ukaingia ya pili. Hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na hakuna kizuizi cha umeme kinachoweza kuiokoa. Madaraja ya juu ya gari lile yalikuwa matupu. Kaka alinitazama bila kusema kitu, na uso wake ulishasema.

GT-R aliikagua kwa chini. Alipima unene wa diski za breki za mbele, ambazo zina kipenyo cha milimita 380, akaangalia kila tundu kama lina ufa. Akaomba karatasi za kubadilisha oili ya giaboksi. Kisha akalala chali na tochi na akakaa kule kwa muda. Pale chini kuna kitu ambacho magari mengi hayana: propela shafti inayotoka kwenye injini kwenda kwenye giaboksi nyuma, na sambamba nayo shafti ya pili inayorudi mbele kuyapa nguvu magurudumu ya mbele. Nguvu inakwenda safari nzima kisha sehemu yake inarudi ilikotoka. Alipotoka alijifuta mikono na kusema, "Aliyechora hii hakuwa na papara." Kwa kaka, hiyo ni sifa kubwa.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na lami bado ilikuwa na maji. Nikaanza na GT3.

Ufunguo uko kushoto kwa usukani, geji ya mizunguko iko katikati na kubwa kuliko zote, na klachi ni nzito kiasi kwamba goti lenyewe linajua umeingia kwenye gari la namna gani. Kwa mwendo mdogo gari lilitetema na kugonga kila ufa wa lami. Usukani ulikuwa ukisema. Sina neno bora kuliko hilo: nilihisi maji yakipungua chini ya tairi kabla macho hayajaona lami ikibadilika rangi.

Mwenye gari alinipa onyo moja tu: "Ukishaingia kwenye kona, usiachie mafuta ghafla." Sababu yake ni ya kifizikia. Injini yote iko nyuma, tairi za mbele zina upana wa milimita 235 na za nyuma 305. Ukifika kwenye kona bila breki, mbele ni kwepesi na gari linataka kwenda moja kwa moja. Kwa hiyo unaingia ukiwa bado umegusa breki kidogo, ili uzito uje mbele na tairi zishike, kisha unaiachia breki taratibu huku ukiongeza mafuta. Ukishtuka katikati na kuondoa mguu, uzito unakimbilia mbele, nyuma kunabaki kwepesi, na injini ile iliyoning'inia huko inataka kukupita. Ila ukifanya inavyotakiwa, unatoka kwenye kona kwa mshiko ambao gari jingine la magurudumu mawili haliwezi, maana uzito wote umekalia tairi zinazosukuma.

Kulikuwa na kona ndefu ya kulia, ya kupanda, ambayo ilinikataa kila mara. Nilikuwa nikiingia polepole mno au nikiongeza mafuta mapema mno. Lami ilipokauka ilinikubali. Breki, gia ya tatu kwa kisigino kugusa mafuta, usukani ukaingia, na kuanzia mizunguko 4,000 sauti ikaanza kupanda. Watu huzungumzia sauti ya injini hii kama pambo. Si pambo, ni taarifa. Ilikuwa nzito na kavu chini, ikakaza kwenye 6,000, na baada ya 7,000 ikawa ni kilio kimoja kilichonyooka, na kwa kilio hicho nilijua mizunguko ilipo bila kutazama geji. Sijasikia injini ya silinda sita iliyo nzuri kuliko ile, na sitarajii.

Nilipotoka, kaka alikuwa amesimama kwenye ukuta wa eneo la huduma ya magari. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka pale.

"Mambo yamekwisha," alisema.

"Bado, kaka."

GT-R ukiiwasha inakupa kitufe chekundu, na ukianza kwenda polepole unasikia mashine: gia zikizungukana nyuma yako, difu ikinung'unika, klachi mbili zikipokezana. Wengine hulichukia hilo. Mimi nililipenda papo hapo, kwa sababu gari halifichi kazi yake. Katikati ya dashibodi kuna skrini iliyobuniwa na Polyphony Digital, watengenezaji wa michezo ya magari ya video, na inakuonyesha joto la oili ya injini, joto la oili ya giaboksi, shinikizo la tabo, na kiasi cha nguvu kinachopelekwa mbele. Chini yake kuna swichi tatu, za giaboksi, shokapu na udhibiti wa utelezi.

Farasi 480 dhidi ya 435 si tofauti ya kutisha. Msukumo ndio unaotisha. GT3 inafikia kilele chake cha Nm (nyutonimita) 430 kwenye mizunguko 6,250, yaani lazima uitafute. GT-R inakupa Nm 588 kuanzia mizunguko 3,200 na haizipunguzi mpaka 5,200. Kwenye mstari ulionyooka nilikanyaga na shingo ikaenda nyuma, na gia iliyofuata ikaingia bila mkato wowote. Nilipofika mwisho wa mstari nilikuwa nimezidi mwendo niliofika na GT3, na sikuwa nimefanya lolote la maana.

Hapo ndipo maneno ya kaka yaliponirudia, na ningesimama mapema ningemkubalia. Mizunguko ya kwanza ya uwanja ilikuwa ya haraka na mitupu. Niliingia kwenye kona, gari likapanga mambo, nikatoka. Kwenye ile kona ndefu ya kulia niliingia kwa haraka nikidhani magurudumu manne yatanivuta, na gari likateleza kwa mbele, zito, bila hasira. Kilo 1,740 zilikuwa zikinieleza kwamba hazidanganyiki.

Nikapunguza papara. Kazutoshi Mizuno, aliyeongoza mradi wa GT-R, aliwahi kuutetea uzito huo hadharani: tairi haishiki bila kukandamizwa. Nilikuwa nimeisoma hoja hiyo na kuiona ni utetezi wa mtu aliyeshindwa kupunguza kilo. Siku ile niliielewa kwa mikono. Ukilifungia breki gari lile kwa kina, tairi za mbele zinakandamizwa kiasi kwamba mbele kunaingia kwenye kona kama unavyotaka. Kisha, na hili ndilo sikulitegemea, unatakiwa kuongeza mafuta mapema kuliko akili inavyokubali. Kwa kawaida gari linasukumwa na nyuma, na ni pale tu tairi za nyuma zinapoanza kuelemewa ndipo sehemu ya nguvu, hadi nusu, inapelekwa mbele. Kwa hiyo nyuma kunaanza kuzunguka kidogo, gari linageuka, kisha mbele kunashika na kulivuta litoke. Usipoongeza mafuta, hakuna kinachotokea. Ukiongeza kwa woga, linateleza kwa mbele. Linataka dereva aliyeamua.

Nilizunguka tena, swichi zote tatu nikiwa nimezipandisha kwenye R, hali ya mbio. Kwenye ile kona nilifunga breki kwa kuchelewa, nikageuza, nikakanyaga. Nyuma kukasogea, mikono ikafungua usukani yenyewe, nikaona kwenye skrini nguvu ikienda mbele, na tukatoka. Nilipiga kelele. Mwenye gari alicheka na kusema, "Sasa umeielewa."

Wanaosema gari hili linajiendesha wamelipanda wakaridhika na mstari ulionyooka. Kompyuta zake hazifungi breki kwa niaba yako wala hazichagui mahali pa kugeukia. Kazi yake ni kugawa mshiko wa tairi nne ili usipotee, na kuujua mshiko huo na kuuamini ni kazi yako. GT3 inakuadhibu ukikosea na inakuimbia ukipatia. GT-R inakungoja uje na uamuzi. Kwangu hilo la pili ni gumu zaidi, na ndilo nililotaka kujifunza.

Kulikuwa na jambo jingine pia, la moyoni. GT3 ni matunda ya umbo ambalo Porsche wamelinoa tangu 1963, na ninaliheshimu. Lakini mimi nilikua nikifuatilia habari za Skyline GT-R, mtangulizi wa GT-R hii, hasa toleo la R32 lililoshindana katika mbio za magari ya abiria za Japani kuanzia 1990 hadi 1993 na kushinda zote 29 lililoingia. Nissan walipotangaza mwaka 2008 kwamba R35, yaani GT-R hii, imezunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 29, Porsche walitilia shaka hadharani, na mimi na kaka tulibishana mpaka usiku. Sikuwa nikitetea sekunde. Nilikuwa nikitetea wazo kwamba gari zito, la injini mbele, lenye viti vinne na buti, linaweza kufikiriwa upya mpaka likae meza moja na magari mepesi.

Tulikaa kwenye ngazi za jukwaa. Kaka alinipa hoja zake zote: klachi ya mguu itakufundisha, injini ya Mezger haitatengenezwa tena, giaboksi ya GT-R ikiharibika si kazi ya mtu mmoja. Zote zilikuwa za kweli na sikumpinga hata moja.

"Nimeamua, kaka. Nachukua GT-R."

Alinyamaza. "Kwa sababu ya ile kona?"

"Kwa sababu ya ile kona."

"Niliiona. Ulipoongeza mafuta nilifumba macho." Akanyanyuka, akatoa karatasi yake ya ukaguzi mfukoni, akaanza kupigia mistari. "Basi kabla hujalipa, diski za mbele zibadilishwe zote mbili, ile ya kulia ina ufa mdogo kwenye tundu. Oili ya giaboksi na ya difu zimwagwe ziwekwe mpya, na ziwe zile anazotaka mtengenezaji, usikubali nyingine. Na kipimo cha magurudumu kirudiwe, tairi ya mbele kushoto imelika kwa ndani."

Mwenye GT-R alikubali yote matatu bila ubishi, na karatasi tulizisaini jioni ileile.