Siku moja maishani mwangu: fundi wa nguo za watoto wa bandia

Saa 12 asubuhi nasuuza vitambaa vilivyolala kwenye beseni tangu jana. Chekundu na cheusi husuuzwa mara 3 au 4, mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu rangi inayochuja humwingia mtoto wa bandia mwilini, na plastiki ile ikishainywa, kuitoa ni shida kubwa.

Saa 3 niko soko la Darajani, mjini Zanzibar, kwenye mitumba. Natafuta mashati ya pamba nyepesi yaliyovaliwa mpaka yakalainika. Maua yake yasizidi milimita 5. Barbie, mtoto wa bandia mwenye umbo la mwanamke mzima, ana urefu wa sentimita 29, yaani mtu mzima aliyegawanywa kwa 6, kwa hiyo ua la sentimita 3 kwake ni kama ua la sentimita 18 kwenye gauni lako. Ndiyo maana kanga halisi haimfai. Kanga ya sentimita 150 kwa 110 kwake ingepaswa kuwa ya 25 kwa 18, na pindo la kanga yetu peke yake karibu limmeze mzima.

Saa 4 na nusu nakata. Gauni la leo ni la mtindo alioutoa Christian Dior mjini Paris mwaka 1947, kiuno cha kubana na sketi pana ya duara, ambao baadhi ya mavazi ya Barbie wa kwanza wa mwaka 1959 yaliufuata. Sketi ya duara ndiyo inayowaangusha wengi. Kiuno cha sentimita 9 na sentimita 1 ya kupandishia nyuma ni 10, na nusu kipenyo chake ni sentimita 1.6. Hapo toa milimita 4 za mshono, ukate tundu kwa 1.2. Ukisahau kuzitoa, kiuno kinazidi kwa sentimita 2 na nusu, maana kila milimita 1 ya nusu kipenyo huzaa zaidi ya milimita 6 kiunoni.

Kushona natumia cherehani ya mkono, naizungusha tundu kwa tundu. Sindano namba 9, mshono wa milimita 1.5. Kitambaa kidogo hivi cherehani hukitafuna na kukizamisha chini ya sindano, kwa hiyo naanzia kwenye kipande cha taka kisha nakiingiza chenyewe, na chini naweka karatasi ya gazeti ambayo baadaye huchanwa. Mikono ya gauni huungwa kwapani nguo ikiwa bado imelala wazi, kabla ya kufunga ubavu, kwani ukishafunga ubavu hakuna kidole kinachopita. Mshono ukimalizika napunguza hadi milimita 3 na kupaka gundi nyeupe iliyozimuliwa maji, ukingo usifumuke.

Baada ya adhuhuri akaja mwenye gauni, na mchana wote ukaishia hapo. Kwa simu alisema mtoto wake ni Barbie wa kawaida. Alipomtoa mkobani, kumbe ni wa umbo nene, wale waliotolewa kuanzia mwaka 2016. Nguo ikagoma nyuma kwa sentimita 2 kamili.

"Ivute kidogo tu, Bi fundi."

"Mwanangu, ndani mna milimita 3. Hakuna cha kuvuta."

"Nguo yenyewe kama kiganja, saa zote hizo za nini?"

Hili ndilo nililotaka wasio mafundi walione. Mwili umepungua mara 6, lakini uzi na unene wa kitambaa ni vilevile. Upindo mkubwa kama wa gauni lako humpa sketi ngumu kama kawa. Kola ikigeuzwa kwa ncha ya mkasi hutoboka, sharti kijiti butu. Pasi huingia ncha tu, na mkono wa gauni hupigwa pasi ukiwa umevishwa kalamu ya mbao. Saa zinakwenda hapo, na bei yangu ni ya saa hizo.

Sketi iliokoka. Niliifumua kwa wembe, nikapanua nusu kipenyo cha tundu kwa milimita 3, nikapata karibu sentimita 2 zilizopungua. Kifua cha gauni hakikuokoka, nikakata kingine upya, na safari hii mtoto mwenyewe alibaki mezani akapimwa kwa uzi: kifua, kiuno, nyonga, mzunguko wa mkono. Dada akaondoka amenuna, akaambiwa arudi kesho baada ya adhuhuri.

Alasiri ikapita, magharibi ikaingia, mgongo unauma na macho yanaona uzi mmoja kuwa miwili. Gauni hufunguka nyuma kutoka shingoni hadi nyongani, kwa vifungo vidogo vya kubana, vitatu, kila tundu sindano 4. Kumvisha nako kuna namna yake: kiganja chake nakifunga kipande cha nailoni, la sivyo dole gumba hukwama mkononi na kuchana mshono.

Saa 3 usiku kavaa, kakaa vizuri kiunoni. Upindo wa sketi bado. Kitambaa cha duara hushuka kwa uzito wake pale kilipokatwa mshazari, na ukipinda leo, kesho kinaning'inia upande. Nimemsimamisha juu ya kopo la uzi, alale hivyo mpaka asubuhi.