Yaweke mabaki kwenye ramani kwanza

Jamani kuna kitu natamani kila anayejifunza kukadiria bei za nyumba akijue mapema, mimi nilichelewa sana. Wengi tumeanzia zile data za bei za nyumba za Boston, Marekani, za watafiti Harrison na Rubinfeld za mwaka 1978, maeneo 506 ya sensa, idadi ya vyumba, uhalifu, hewa chafu na kadhalika, unapiga rigresheni ya kawaida, yaani hesabu ya kukadiria bei kutokana na sifa hizo, majibu yanatoka unafurahi. Ila rigresheni ile inachukulia kila eneo liko kivyake halina jirani, na kwa nyumba hiyo si kweli hata kidogo, dalali yeyote ukimwambia una nyumba ya vyumba vitatu atakuuliza iko wapi.

Sasa chukua mabaki, yaani tofauti ya bei halisi na ile uliyokadiria, yapake rangi kwenye ramani. Upande mmoja wote ukiwa umekadiriwa chini na mwingine wote juu, ujue kuna kitu cha mtaa hakimo kwenye data zako. Kipimo cha Moran, cha kupima majirani wanafanana kiasi gani, kinakupa namba yake, ikiwa karibu na sifuri hakuna mpangilio, ikiwa chanya kubwa basi majirani wanakosewa kwa namna moja.

Zile data zinazozunguka madarasani hazina hata longitudo na latitudo, ni watafiti Gilley na Pace waliokuja kuziongeza, na makosa kadhaa wakayarekebisha mwaka 1996. Mwaka uliofuata wakaingiza ujirani kwenye hesabu na makosa ya makadirio yakashuka kwa asilimia 44 ukilinganisha na rigresheni ya kawaida. Nyumba zilezile! Kila eneo linasahihishwa kwa kuangalia modeli, yaani hiyo hesabu ya kukadiria, imekosea kiasi gani kwa majirani zake, ndo hivyohivyo mthamini anavyofanya, anaangalia nyumba za jirani zimeuzwaje.

Kazi ipo kwenye kuamua jirani ni nani, wanaopakana, au watano wa karibu, au wote ndani ya kilomita mbili, mi nashauri ujaribu zaidi ya njia moja uone majibu yanahama kiasi gani.

Alafu hili linaniuma nikiliona, mtu anagawa data kwa bahati nasibu, nyumba moja inafundishia modeli na ya ukuta wa pili inaipima, lazima ionekane hodari. Ficha mtaa mzima, ndo uipime.