Nilivyozielewa barua za John Ross za miaka ya 1861 na 1862

Ukizisoma barua za John Ross mfululizo, utamwona kigeugeu. Alikuwa Chifu Mkuu wa Wacherokee, taifa la wenyeji wa asili wa Marekani, tangu 1828 hadi alipofariki 1866. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani, Mei 1861 alitangaza kwamba taifa lake haliegemei upande wowote. Oktoba mwaka huohuo akaingia mkataba na Kusini, yaani majimbo yenye utumwa yaliyojitenga na kupigana na serikali ya Marekani (Kaskazini). Septemba 1862 yuko Washington, anamweleza Abraham Lincoln kwamba watu wake walilazimika. Sasa umshike wapi?

Ninaishi Tulsa, Oklahoma, na Tahlequah, makao makuu ya Wacherokee, ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Nilitaka kujua mambo yalikwendaje. Nilianza na kumbukumbu rasmi za vita ambazo serikali ya Marekani ilizichapisha kati ya 1880 na 1901. Nakala zake zinapatikana bure mtandaoni. Miandiko ya mkono niliiweka kiporo.

Nilijiwekea sharti moja tu: sisomi jibu kabla ya kusoma barua inayojibiwa. Ross alinirahisishia kazi, kwa kuwa alizoea kuanza kwa kutaja tarehe ya barua aliyopokea. Ukikutana na "inst." baada ya tarehe, ni ya mwezi huohuo, "ult." ni ya mwezi uliopita. Kisha nikachora safu tatu kwenye daftari: mwandishi anataka nini, Ross anajibu nini, na askari wako wapi siku hiyo. Safu ya tatu ndiyo iliyonifumbua macho.

Kwa mfano Aprili 1861. Jeshi la serikali lilihama Fort Smith, likaacha na ngome nyingine za eneo hilo, likaenda zake Kansas. Mikataba ya kuwalinda Wacherokee ilikuwapo, walinzi hawakuwapo. Mwezi Juni, Brigedia Jenerali Ben McCulloch wa Kusini akamwandikia Ross kwa adabu kwamba ataheshimu msimamo wake, ila aruhusu Wacherokee wanaoipenda Kusini waunde vikosi vya mgambo. Ross akakataa: vikosi hivyo havimo katika sheria zetu, na haitachukua muda vitachochea ugomvi wa ndani.

Ugomvi gani? Hapo ilinibidi nirudi 1835, kwenye mkataba wa New Echota, ambao kundi dogo la Wacherokee lilitia saini kuiachia Marekani ardhi yao ya mashariki. Ross aliupinga, lakini mwaka 1838 askari wa Jenerali Winfield Scott waliwakusanya watu kwa nguvu, na maelfu walikufa katika kuhamishwa huko. Mwaka 1839 watatu kati ya vinara wa mkataba waliuawa siku moja. Ndugu wa mmoja wao, Stand Watie, aliponea chupuchupu. Na Watie huyo ndiye aliyekuwa tayari kuongoza mgambo wa Kusini. Kwa hiyo Ross anapoandika "ugomvi wa ndani", jirani zake wote wanajua anamsema nani.

Barua ninayoipenda kuliko zote ni jibu lake kwa David Hubbard, kamishna wa Kusini, mwezi huohuo wa Juni. Hubbard alikuwa amejigamba kwamba makabila ya kaskazini yameangamizwa ilhali ya kusini yametunzwa. Ross akamjibu kwa upole kwamba siku hizi ni wenyeji wa asili wachache wanaokanyaga kingo za mto Ohio au za Tennessee. Ohio uko kaskazini, Tennessee kusini, na ni huko kusini Wacherokee walikofukuzwa. Nilicheka peke yangu.

Halafu ikaja Agosti 10: Kusini walishinda Wilson's Creek, Missouri, na Jenerali Lyon wa Kaskazini akauawa. Siku kumi na moja baadaye mkutano mkubwa Tahlequah ukaamua kuungana na Kusini. Weka tarehe hizo mbili pamoja, na ule ukigeugeu unapungua sana. Tarehe hizo hazielezi yote, kwani Ross mwenyewe alimiliki watumwa, kama Wacherokee wengine matajiri, na masilahi hayo hayakuwa madogo.

Ninapobishana na wenzangu ni kuhusu Julai 1862. Kanali William Weer wa Kaskazini aliingia na jeshi, akaomba kuonana na Ross. Ross akakataa akitaja mkataba wake na Kusini. Katikati ya mwezi huohuo akakamatwa na askari wa Kaskazini nyumbani kwake Park Hill, na muda si mrefu akaelekea Kansas na familia yake na kumbukumbu za taifa. Wapo wanaosema alibadilika baada ya kukamatwa. Mimi naona alikuwa akingoja akamatwe, ili asionekane amevunja mkataba kwa mkono wake. Asiyekubali aanzie kwenye jibu lile kwa Weer, aangalie ni kwa uangalifu kiasi gani linakataa bila kumtukana anayeomba.