Ofisini kwa Mama Neema

"Ziwani? Yaani unanipeleka ofisini?"

Hilo ndilo jibu nililopewa na mke wangu jioni moja ya Septemba 2019, nilipomtangazia kwamba miaka yetu kumi ya ndoa tutaisherehekea ziwani. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, anachambua dagaa za kula nyumbani. Hakuinua hata uso. Nami nilikuwa nimejiandaa wiki nzima! Nilishaipata hoteli pale Capri Point, ina bustani inayoteremka mpaka majini. Nikaulizia bei, nikameza mate, nikauliza tena kama bei ile ni ya chumba au ya kila kichwa.

Mke wangu, Mama Neema, anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Asiyeufahamu Mwaloni wa Mwanza ajaribu kuwaza magunia yaliyopangwa kuzidi kimo cha mtu, makuli wanaopiga mluzi ili uwapishe, malori yanayosubiri shehena ya Dar es Salaam, na wanunuzi wa kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wanaobishana bei kwa Kiswahili cha kwao. Harufu yake huisikii kwa pua tu. Inaingia kwenye nywele, kwenye noti, kwenye kiti cha daladala atakachokalia mtu mwingine baada yako. Mama Neema huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Ziwa kwake ni mahali pa kuhesabu hela na kugombana na watu, basi. Mtu wa benki ukimwambia twende tukapumzike kwenye kaunta ya benki atakuelewaje?

Siku moja nilimfuata kazini nikamwona anavyonunua. Hagusi dagaa za juu ya gunia, kwa sababu za juu ndizo zilizopangwa ili zionekane. Anaingiza mkono mpaka kiwiko, anachota za katikati, anazisugua viganjani, kisha anafungua kiganja na kukitazama kwenye mistari yake. Mchanga ukibaki kwenye mistari, dagaa hizo zilianikwa chini, hazikuanikwa kwenye vichanja. Halafu anachukua moja na kuivunja. Ikikunjika bila kukatika, haijakauka, itaota ukungu njiani kabla ya kufika Lubumbashi. Mwisho anatafuna kichwa. Muuzaji husimama kimya kama mwanafunzi anayesubiri karatasi yake isahihishwe. Mimi ni mwalimu wa jiografia kwa miaka mingi, na sijawahi kusimamiwa hivyo na mwanafunzi yeyote.

Basi hoteli peke yake ikawa imekwama. Tukaanza kutafuta pengine.

Rubondo ilikufa mapema. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, kisiwa chenye msitu na sokwe walioletwa miaka ya sitini, na mimi huwasimulia wanafunzi habari zake kama mtu aliyewahi kufika. Lakini nilipopiga hesabu ya usafiri, boti na malazi, nikaona tungesherehekea miaka kumi kwa kukopa ya kumi mingine.

Mwalimu mwenzangu akashauri Ukerewe. "Si ni kwao? Fukwe nzuri, samaki fresh, bei rahisi." Nikamfikishia Mama Neema ushauri huo, na hapo ndipo alipoinua uso, akacheka mpaka akaweka ungo chini. Ukienda Ukerewe na mtoto wa Kikerewe hujaenda kupumzika, umekwenda kuhudhuria kikao cha ukoo. Utashuka Nansio na kilo kumi za sukari, utalala kwa shangazi anayekohoa upande wa pili wa ukuta, na asubuhi utakuta foleni ya wajomba wamekuja kumwamkia mkwe, kila mmoja na tatizo lake dogo linalohitaji elfu ishirini.

Tulicheka wote. Ila mimi nilicheka kwa kufurahi kuponea.

Kuna jambo ambalo watu wa ukweni kwangu walishalizoea na kulifanyia utani. Kutoka Mwanza kwenda Nansio kuna meli, mwendo wa saa tatu na ushee, unakaa, unakunywa chai, unafika. Mimi huwa sipandi. Napanda basi la kuzunguka Bunda, nashuka mpaka Kisorya, na hapo tu ndipo navuka kwa kivuko, kipande kifupi cha maji nisichoweza kukikwepa. Siku nzima inaishia barabarani. Hata siku ya kupeleka posa nilizunguka hivyo hivyo, nikafika na vumbi kwenye nyusi, wazee wakauliza kama huyu bwana wa Kihaya kaja kuoa au kaja kutengeneza barabara. Mkwe wangu mpaka leo ananiita Baba Mzunguko.

Sababu wanaijua, hawaitaji. Baba yangu mdogo alikuwa ndani ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Alipandia Kemondo usiku, na asubuhi, wakati Mwanza haiko mbali tena, meli ikapinduka. Mamia ya watu. Wengi wamelala kwenye makaburi ya Igoma, na miongoni mwao wamo waliozikwa bila kutambuliwa. Wa kwetu hatujui yuko huko Igoma au yuko majini. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Mama Neema naye ana yake. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu MV Nyerere izame, Septemba 2018, ikiwa inakaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, siku ya mnada. Alikuwa na watu anaowafahamu mle. Alikwenda kuwazika, na alikwenda kwa maji, mtumbwi wa injini, siku mbili baada ya ajali. Nilimsihi azunguke. Aliniuliza azunguke wapi, Ukara ina barabara?

Sasa tarehe. Ndoa yetu ilifungwa Jumamosi ya tarehe 10 Oktoba 2009. Mwaka 2019 tarehe hiyo iliangukia Alhamisi, siku isiyofaa kwa mwalimu. Nikapendekeza Jumamosi ya tarehe 12, kwa kuwa Jumatatu ya tarehe 14 ni Siku ya Nyerere, hakuna shule. Nilitegemea atakataa, kwa sababu Jumamosi kwake ni siku ya pesa. Akatoka nje, akatazama juu. Mwezi ulikuwa bado mwembamba. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Sawa. Itakuwa mbalamwezi."

Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wanafuata mwanga, wanazungushiwa nyavu. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linang'aa na taa ya mvuvi haina maana, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa nchi kavu siku kadhaa, nyavu zinashonwa, wavuvi wanalewa, na Mwaloni unapoa. Mimi nilitazama kalenda ya serikali, yeye akatazama angani, tukakutana siku ile ile. Katika miaka kumi sikumbuki tukikubaliana haraka kiasi hicho.

Mahali akapachagua mwenyewe, bila kuniuliza. Tulikuwa kwenye daladala ya Nyegezi kuja mjini, ziwa limetokeza upande wa kushoto, akanyoosha kidole kupitia dirishani.

"Pale."

Saanane. Kisiwa cha mawe na miti kidogo, karibu na Capri Point, ambacho tulikuwa tukikipita kila siku ya Mungu. Watu wanatoka Ulaya kuja kukiona, sisi tunakipita tukigombania chenji na konda.

"Kila siku nakiona na sijakikanyaga," akasema. "Pale siuzi kitu, na hakuna shangazi. Jioni turudi tulale kwenye hiyo hoteli yako."

Sikujibu mara moja. Kwenda Saanane hakuna pa kuzungukia.

"Ni dakika kumi tu, Mwalimu," akasema, taratibu, akitazama nje. Alikuwa ameshapiga hesabu yote, na mimi nikiwemo.

Jumamosi hiyo tuliwaacha watoto kwa mdogo wake, tukafika ofisi za hifadhi kwenye saa tatu asubuhi. Nilivaa jaketi la kujiokolea kabla hatujaambiwa, nikafunga vifungo vitatu, nikavifungua, nikavifunga tena. Nikakaa katikati kabisa ya boti. Mama Neema alikaa ubavuni kwangu, akaweka mkono juu ya goti langu kama mtu anayeweka mzigo wake mahali, akaanza kunisimulia kwa kirefu habari ya mwanamke mmoja wa Mwaloni ambaye mizani yake ilikuwa imechezewa. Nilijua anachokifanya. Nilimsikiliza hata hivyo, na ilikuwa habari nzuri. Mizani ilipofichuliwa, tulikuwa tumefika. Nilitazama saa: dakika tisa.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, unaweza kukimaliza kwa miguu kabla ya njaa kukuuma. Muongozaji wetu, kijana mchangamfu, alituambia kwamba mwaka 1964 hapa ndipo palipoanzishwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na kwamba hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja mwaka 2013. Tuliwaona swala wakila majani bila habari na sisi. Pimbi walijazana kwenye mawe kama wazee wanaoota jua. Mijusi dume, vichwa na vifua vyekundu, mkia na miguu ya bluu, walikuwa wakipiga push-up kwenye kila jiwe, na Mama Neema akasema wanamkumbusha vijana wa gym ya mtaani kwetu.

Tukapanda jiwe la juu. Kutoka pale mji unakugeuzia mgongo wake na kukuonyesha upande usioujua: nyumba zimepandiana kwenye vilima, mawe makubwa yamekaa kati ya mabati kana kwamba yenyewe ndiyo yenye viwanja. Tukatafuta nyumba yetu, Mkuyuni. Mimi nilisema ni ile iliyo chini ya bati jekundu, yeye akasema bati jekundu ni kwa jirani na mimi sijui hata ninapolala. Tulibishana robo saa. Simu yake ikaita, mteja wa Kahama. Akaitazama ikiita mpaka ikanyamaza, akanitazama nione jinsi alivyojizuia. Baada ya dakika mbili akampigia.

Kurudi kulikuwa kugumu zaidi. Mchana ziwa huamka na upepo, boti ikawa inapiga maji, pa, pa, pa, na nyundo ile niliisikia kwenye meno. Safari hii hakusimulia kitu. Nilimuuliza, ili tu niseme neno, huwa anafanya nini akiwa kwenye meli ya Ukerewe na mawimbi yakija.

"Nalala."

Hotelini tulioga, tukavaa vizuri, tukakaa bustanini mezani chini ya mwembe. Nilimwambia aagize chochote, leo hakuna kutazama upande wa bei. Alisoma orodha yote ya vyakula mpaka nyuma, akamwita mhudumu, akaagiza dagaa wa nazi.

"Mama Neema!"

"Nataka kuona wanawauziaje watu."

Zilikuja kwenye sahani nyeupe kubwa, zimepambwa kwa kipande cha limau. Akala kijiko kimoja, akatafuna polepole, macho yamefumbwa nusu. Halafu akatoa kitu kwa ncha ya ulimi, akakiweka ukingoni mwa sahani. Punje ya mchanga. Akaongeza ya pili. Mhudumu akamleta mpishi, mpishi akaja amejiandaa kugombana, na ndani ya dakika tano alikuwa amevuta kiti, anaelekezwa namna ya kuingiza mkono mpaka katikati ya gunia. Kabla hajaondoka walikuwa wamepeana namba. Nami nilikuwa nimelipia mtoko ule kwa bei ile ili mke wangu apate mteja.

Mwezi ulipanda, mkubwa, mweupe, na ziwa likawa kama bati jipya. Huko majini hakukuwa na taa hata moja ya mvuvi. Usiku wa giza ungefikiri kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Usiku ule palikuwa patupu, na tungeweza kuona mbali sana.

Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kwamba Mei ile, mzigo wa ndizi wa baba mdogo niliupeleka mimi hadi Kemondo, kwa baiskeli, kutoka Kamachumu, mteremko mwingi. Nilimfikishia bandarini jioni. Akazipanga, akanipa shilingi mia mbili, akasema kanywe soda, halafu akanikimbiza nirudi kabla giza halijaingia kabisa.

Mama Neema alikaa kimya kitambo, anazungusha kile kipande cha limau kwenye sahani.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa. Fanta."

"Ya baridi?"

"Ya baridi."

Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea sahani tumalizie zile dagaa.