Valvu ndogo, uvujaji mkubwa

Leo mchana, katika gereji moja hapa Kinondoni, hatimaye nimeelewa kwa nini gari langu limeendelea kuvuja oili ingawa sili ya krenki (kizuizi cha oili kwenye mhimili mkuu wa injini) ilibadilishwa hivi karibuni.

Injini inapofanya kazi, sehemu ya gesi za mwako hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Valvu ya PCV, valvu ndogo ya kuzitoa gesi hizo, huziruhusu zivutwe hadi kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) zikaungue. Ikiziba, mgandamizo hupanda na kuisukuma oili nje kupitia sili, hata iwe mpya.

Fundi aliichomoa valvu hiyo kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini), akaitikisa karibu na sikio langu.

Kimya.

Akaitikisa mpya, ikalia kama njuga. (Nami nikaomba kuitikisa, kwa raha tu.)

Ile ya zamani ilikuwa imeganda kwa masizi na oili, na mpira wake umekauka hadi kupasuka, hivyo tumebadilisha vyote viwili. Nashangaa kwamba mafundi wengi hukimbilia sili kwanza, kazi ambayo ni ghali zaidi.

Wenzangu wenye magari ya zamani, yamewakuta haya? Na mpira unaostahimili oili na joto mnaupata wapi?