Chuma Kinachokawia

Desemba ya mwaka 2018, siku kumi kabla ya harusi ya dada yangu, umeme ulikatika mtaani kwetu Langoni mara tatu katika usiku mmoja, na asubuhi yake mama akaniuliza kama elimu yangu ya nyaya ingefaa kitu kabla ya siku ya shughuli. Wanawake wangekusanyika kiwandani. Watu wa bara wakilisikia neno hilo hufikiri saruji na moshi, lakini Lamu kiwanda ni uwanja wa ndani usio na paa, ambamo nyumba ya mawe hupata mwanga na hewa yake yote. Usiku usio na mbalamwezi kiwanda huwa kisima cha giza. Karabai la babu lilikuwapo, ila joto na mvumo wake haviendani na bibi harusi aliyepambwa, nami nikaahidi taa tano za wati tatu tatu ambazo zingewaka usiku mzima kwa betri nitakayoiunda mwenyewe.

Seli, yaani vijibetri vidogo vinavyounda betri moja kubwa, nilizipata kutoka kwa fundi wa kompyuta wa Mombasa, aliyenifungia betri nne mbovu za kompyuta mpakato na kuzipakia kwenye basi hadi Mokowe, nami nikazivukia kwa mashua. Betri ya namna hiyo ikifa, mara nyingi ni seli moja au mbili zilizoitia msiba, na zilizobaki bado zina uhai. Zilikuwamo seli ishirini na nne za ukubwa uitwao 18650, yaani upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Nilizichaji moja moja hadi volti 4.2, nikaziacha siku tatu, nikazipima tena. Tatu zilikuwa zimeshuka zenyewe bila kutumiwa, nikaziweka kando, kwa kuwa seli inayovuja umeme ikiunganishwa sambamba na nzima huwanyonya wenzake usiku na mchana.

Tatizo lilikuwa kuunganisha. Viwandani, na hapa nasema viwanda vya saruji na moshi, ukanda wa nikeli hushikizwa kwenye seli kwa mpigo wa umeme wa muda mfupi mno, kiasi kwamba joto halipati nafasi ya kuingia ndani. Mashine hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa na chuma cha kulehemu cha wati 30, chenye ncha nyembamba kama msumari, ambacho kilinitosha miaka mingi katika kutengeneza redio na simu, na nikaamini kwa ujinga wangu kwamba chuma kidogo hakiwezi kuleta madhara makubwa.

Nikaketi dakani kwetu, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, na binamu yangu aliyelelewa Nakuru, na kando yetu nikaweka ndoo ya mchanga wa pwani kwa tahadhari. Nilipoigusisha ncha kwenye kitako cha seli ya kwanza, risasi ya kulehemu haikushika. Nikakandamiza, nikahesabu sekunde kumi, kumi na tano, hadi seli ikawa haishikiki kwa mkono mtupu, ndipo risasi ikajikusanya tone la kijivu juu ya bati. Seli ya pili ikawa vivyo hivyo. Baadaye zote mbili zilionekana kuwa zimepoteza karibu nusu ya uwezo wake.

Ng'ambo ya kichochoro alikuwa ameketi sonara wetu, mzee ambaye watoto wote wa mtaa tulimwita Ami, akinitazama huku anaing'arisha pete. Hatimaye akashindwa kuvumilia, akapaza sauti: "Ndoo!"

Kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, hilo ni "njoo", tena aliniita mimi. Binamu yangu, kwa heshima zote za mgeni, akainyanyua ndoo ya mchanga kwa mikono miwili akampelekea. Nikageuka kucheka, na mkono wangu ulioshika koleo ukateleza. Wakati huo nilikuwa nimehamia upande chanya wa seli ya tatu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba gamba lote la seli, kuanzia kitakoni hadi begani, ni hasi, na kilicholitenga na kichwa chanya pale juu ni pete ndogo na ngozi ya plastiki nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukingo wa nikeli uliikata ngozi hiyo. Ilipiga cheche, ukanda ukawa mwekundu kama kaa, seli ikalia fyuuu na kutoa harufu tamu, kama ya rangi ya kucha. Ndoo ilikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, mikononi mwa binamu aliyeduwaa. Nikaitupa seli mchangani pamoja na koleo lake, na sote tukakimbilia upande unaotoka upepo.

Haikuwaka moto. Ilifuka kwa dakika kadhaa, ikanyamaza, nasi tukaiacha nje hadi kesho yake.

Ami hakuuliza ile ni kitu gani, wala hakunigombeza. Aliomba kuona zile mbili za kwanza, akakwangua tone la risasi kwa ukucha, likabanduka zima. "Hii haikushika, mwanangu, imekaa tu," akasema. "Chuma chako ni kidogo, kwa hiyo kinakawia. Kikikawia, moto wapita kwenda usikotakiwa." Akaingia ndani akatoka na kipande kizito cha shaba chenye mpini wa mti, kilichokuwa kikipashwa kwenye makaa zamani za kuziba ndoo na makarabai. Akakiweka jikoni, akasugua kipande cha bati kwa msasa mpaka kikameta, akakipaka risasi, akapaka na cha pili, kisha akavipandanisha na kuvigusa. Sikuwahi kufika "mbili" katika kuhesabu. Risasi ilitandaa hadi kingoni, ikang'aa, ikaganda.

Nilikuwa nimesoma mambo ya wati na nyuzi joto, lakini kwamba chuma kikubwa chaweza kuwa mpole kuliko kidogo, hilo nililiona kwenye kipande cha bati. Siku hiyo hiyo nikaazima chuma cha wati 100 chenye ncha pana kwa fundi wa redio. Nikakwangua vitako, nikavika kila kichwa chanya pete ya karatasi ngumu, nikapaka risasi pande zote mbili kabla ya kuzikutanisha, na kila mguso haukuzidi sekunde mbili. Leo ninayo mashine ya mpigo na simshauri mtu alehemu juu ya seli, lakini seli zile kumi na nane zilishika: mafungu matatu ya sita sita, volti 11.1, pamoja na bodi ya ulinzi ya kukata umeme zikijaa au zikikauka kupita kiasi.

Usiku wa shughuli niliziwasha taa saa kumi na mbili na nusu, kisha nikatolewa nje kama wanaume wengine. Kazi yangu sikuiona, isipokuwa mwanga mweupe ukutani kwa jirani, juu ya ukuta wetu. Nilikaa barazani kwa Ami nikimtuma mpwa wangu wa miaka tisa, niliyemfundisha kusoma kipimo, aingie na kutoka. Saa nne na nusu alikuja mbio, mdomo umejaa halua, akaniambia kwamba imeandika kumi na moja nukta mbili, na kwamba nyanya amesema nisimtume tena, anawakanyaga watu nguo.